Yote Yanayowezekana Hapa

Kila wodi ya wagonjwa mahututi ina sentensi yake ya kufungia mazungumzo. Kwetu ni hii: "Tumefanya yote yanayowezekana." Nimekuwa muuguzi wa ICU jijini Dar es Salaam kwa miaka 11, na nimeisikia ikisemwa na daktari mwenye huruma, na daktari aliyekesha, na daktari aliye mafunzoni anayeijaribu kwa mara ya kwanza huku akitazama viatu vyake. Familia huipokea karibu kwa namna ile ile. Mzee mmoja hutikisa kichwa. Mtu husema tumwachie Mungu. Kisha wao hurudi nje kwenye mikeka yao, sisi hurudi ndani kwenye mashine zetu, na kila upande huamini kwamba neno la mwisho limeshasemwa.

Ninataka kulijadili neno moja la sentensi hiyo, neno "yote". Yote ya wapi? Zipo tiba duniani ambazo hazipo katika jengo letu, na nyingine hazipo katika nchi yetu. Familia iliyosimama mbele yetu, kwa kadiri tunavyoweza kuona, haitazifikia. Je, tuna wajibu wa kuwaambia kwamba zipo? Au kumtajia mtu tiba asiyoweza kuipata ni ukatili uliovishwa kanzu ya ukweli?

Swali hili linagusa magonjwa mengi. Mwenye saratani, hata hivyo, mara nyingi ana miezi. Ndugu zake watauliza huku na huko, mtoto wa shangazi aliyesoma atapiga simu, na habari ya tiba iliyo mbali itawafikia hata kama sisi tumenyamaza. Ini linaposhindwa ghafla, muda huo haupo. Mtu aliyekuwa akienda kazini mwezi uliopita huingia wodini Jumatatu akiongea, Jumatano yuko kwenye mashine ya kupumulia, na hadi Jumamosi jambo limeshaamuliwa. Hapo kimya chetu hakiahirishi uamuzi. Kimya chetu ndicho uamuzi.

*

Nikiwaeleza ndugu kazi ya ini, huwa nasema ni jiko, ghala na bomba la maji machafu, vyote katika nyumba moja. Linapika vitu vinavyoifanya damu igande. Linaweka akiba ya sukari na kuitoa usiku tukiwa tumelala. Linasafisha sumu zinazotoka tumboni, amonia ikiwa mojawapo. Likisimama ghafla, vyote vitatu husimama pamoja: damu haigandi, sukari inaporomoka, na amonia inapanda hadi kwenye ubongo. Ndiyo maana mgonjwa huanza kwa kuchanganyikiwa. Hulala mchana na kukesha usiku. Hujibu swali aliloulizwa jana. Baadaye huwa mkali, kisha mzito, kisha haamki. Ubongo huanza kuvimba, na fuvu halina pa kupanukia.

Vyanzo hutofautiana. Uingereza na Marekani kinachoongoza ni parasetamo iliyomezwa kupita kiasi. Kwetu na kwa majirani zetu tunaona zaidi homa za ini zinazoletwa na virusi, baadhi ya dawa za hospitali, na mitishamba ambayo hakuna aliyepima kilichomo ndani yake. Homa ya ini aina ya E, inayosambaa kwa maji machafu, iliwapata watu zaidi ya 10,000 kaskazini mwa Uganda katika mlipuko ulioanza mwaka 2007, na ni ugonjwa unaowaua wajawazito kuliko watu wengine.

Ugonjwa huu una ajabu moja inayofanya kazi yetu iwe ya matumaini hata pale isipostahili. Ini huota upya. Mgonjwa akivushwa siku zile mbaya, anaweza kurudi nyumbani na ini zima, kama vile hakuna kilichotokea. Kwa hiyo tunamshikilia: glukosi kwenye dripu, laktulosi, antibiotiki, kichwa cha kitanda kimeinuliwa, na asetilisisteini tunapoipata, ambayo utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 ulionyesha huwasaidia hata wasiomeza parasetamo, ilimradi wapewe mapema kabla koma haijawa nzito. Kisha tunasubiri kuona kipi kitatangulia, ini kuota au ubongo kuvimba.

Kwa wale ambao ini lao halitawahi, tiba ni moja: kupandikizwa ini jingine. Thomas Starzl alilijaribu jambo hilo mjini Denver mwaka 1963 na mgonjwa wake akafa. Mwaka 1967 akampata wa kwanza aliyeishi zaidi ya mwaka mmoja. Leo ni upasuaji uliozoeleka katika nchi nyingi. Uingereza, mgonjwa wa namna hii huingizwa kwenye orodha ya dharura kubwa kabisa, mbele ya wote wanaosubiri ini. Sisi tulianza kupandikiza figo pale Muhimbili mwaka 2017, na ilikuwa hatua kubwa. Ini bado si huduma ambayo daktari wa zamu anaweza kuinua simu usiku na kuiomba. Anayeitafuta hutazama India.

Madaktari wetu hutumia vigezo vilivyotungwa katika hospitali ya King's College, London, na kuchapishwa mwaka 1989. Hutazama chanzo cha ugonjwa, umri, siku zilizopita kati ya macho kuwa ya njano na akili kuchanganyikiwa, muda ambao damu inachukua kuganda, na kiasi cha bilirubini. Vilitungwa ili kumtambua mapema mtu asiyetarajiwa kupona bila ini jipya, awahishwe. Sisi tunavitumia vile vile, kwa namba zile zile, lakini mlango vilivyokusudiwa kuufungua haupo. Kipimo kilichotungwa kuamua nani awahishwe, kwetu kimebaki kutuambia nani asubiriwe.

*

Mwanamke ninayemfikiria ninapoandika haya alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye umri wa miaka 31. Nimebadilisha mambo kadhaa ili familia yake isitambulike. Alikuwa na kifua kikuu na alikuwa katika wiki ya sita ya matibabu. Dawa za mwanzo ni nne, na tatu kati yake zinaweza kulidhuru ini la watu wachache. Alikuwa ameambiwa asiruke hata siku moja, na mwalimu anajua maana ya maelekezo. Alipoanza kutapika, alimeza. Macho yalipogeuka ya njano, aliendelea kumeza kwa siku kumi zaidi. Mume wake alikuwa ameweka kengele kwenye simu, ilie kila siku saa moja asubuhi, asisahau kumkumbusha.

Niseme kwa msomaji anayemeza dawa hizo: zinaokoa watu wengi mno, na usiziache kwa sababu ya hofu. Ila ukiona macho ya njano, au mkojo umekuwa kama chai ya rangi, nenda kituoni siku hiyo hiyo, kabla ya dozi inayofuata.

Tulimpa karatasi aandike jina lake. Ni kipimo cha zamani na hakina gharama, kwa sababu mara nyingi mwandiko huharibika kabla ya maneno. Jumatatu aliandika kwa mwandiko wa ubaoni, herufi zimesimama wima kama watoto mstarini. Jumanne mstari ulipanda kuelekea pembe ya karatasi. Jumatano asubuhi aliishika kalamu akaitazama kama kitu cha mtu mwingine. Jioni tulimwekea mpira wa kupumulia. Kwa vigezo vya London alikuwa na alama tatu mbaya: ini limedhuriwa na dawa, siku nyingi zimepita tangu macho kuwa ya njano, na damu haigandi.

Daktari bingwa alizungumza na ndugu kwenye korido. Korido yetu haina viti, kwa hiyo watu husimama, na wakichoka hutandika kanga sakafuni. Aliwaambia sentensi yetu. Mjomba akamshukuru kwa niaba ya wote. Mume hakusema kitu. Mama wa mgonjwa alibaki nyuma, akanisubiri hadi nilipotoka na ndoo ya taka, akanishika mkono.

"Mwanangu, hakuna kingine kinachofanyika duniani?"

Angesema "hapa", ningejibu kwa wepesi. Alisema "duniani". Nilisimama na ile ndoo mkononi, nikajua kwamba jibu lolote fupi zaidi ya ukweli lingekuwa uongo uliopimwa kwa uangalifu.

"Mama, duniani kipo," nikamwambia. "Hapa kwetu hakipo. Ngoja nimwite daktari akueleze vizuri, nami nitakuwepo."

*

Daktari hakunikaripia. Tuliingia kwenye chumba cha dawa, akafunga mlango, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nimewafungulia watu mlango ambao nyuma yake kuna ukuta. Akanisimulia habari ya familia moja aliyowahi kuihudumia kwingine, miaka ya nyuma. Aliwatajia India kwa nia njema. Waliuza nyumba. Walichangisha kanisani, msikitini kwa majirani, na kwenye magrupu ya WhatsApp. Mgonjwa alikufa wakati viza bado haijatoka. Kufikia mwaka uliofuata watoto watatu walikuwa hawaendi shule.

"Mgonjwa wangu alikuwa mmoja," akasema. "Waliobaki walikuwa sita. Nao walikuwa mikononi mwangu. Nikiwaambia hawa leo, siwapi tiba, nawapa deni. Unawakata maini bure."

Alitumia msemo huo bila kufikiri, kisha sote wawili tukanyamaza kidogo.

Hoja yake si ya mtu mvivu wala mwoga, na ninaiheshimu hadi leo. Mfa maji haachi kutapatapa, na anayesimama ufukweni akamrushia kamba fupi amemwongezea taabu. Ipo huruma ya kweli katika kumwacha mtu apumzike na jambo lisilobadilika. Tena ukweli hauna uzito mmoja kwa kila mtu. Kwa tajiri, habari ya upandikizaji ni maelekezo ya safari. Kwa asiyenacho ni kuambiwa thamani ya maisha ya mtoto wake kwa dola, kisha kuachwa aitazame.

Hata hivyo kuna mambo katika hoja hiyo ambayo kila nikiyageuza hayakai sawa.

La kwanza ni hesabu. Nani alitupa kazi ya kupiga hesabu za mfuko wa mtu mwingine? Hospitalini huruma ya kunyamaza haigawiwi kwa usawa. Aliyefika na gari na Kiingereza huambiwa kila kitu, pamoja na namba ya simu ya wakala wa safari za matibabu. Anayenyamaziwa ni yule aliyefika na kandambili. Tunaiita huruma, lakini inafuata viatu.

La pili ni kwamba siri yenyewe haidumu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mithali hiyo huisema familia inayomficha mgonjwa ndani. Siku hizi inaweza kuisema hospitali. Miezi miwili baada ya maziko, mpwa aliye chuoni ataandika maneno mawili kwenye simu yake na kusoma kuwa ugonjwa uliomuua shangazi yake una tiba. Kuanzia hapo msiba unaanza upya, na safari hii una mshtakiwa. Kila neno tulilowaambia, hata lile lililokuwa kweli tupu, litapimwa kwa lile tulilolificha.

La tatu ndilo zito kuliko yote, na sikulielewa kwa kusoma. Nimelielewa kwa kusimama kwenye korido. Mtu akiambiwa "yote yamefanyika" na mtoto wake anakufa, hubaki na maelezo mawili: Mungu amependa, au kuna mkono wa mtu. Wengi huanza na la kwanza na usiku huingia la pili. Katika familia ya mwalimu, tangu Jumanne wajomba walikuwa hawamsalimii mume. Maneno yalishaanza kwamba amemlisha mtoto wao sumu kwa kengele. Sentensi yetu nzuri ilikuwa imeacha nafasi tupu, na nafasi hiyo ilikuwa inajazwa na mtu aliyeketi kwenye kanga peke yake mwisho wa korido.

Ukisema "tiba ipo, lakini hapa haipo", kifo hakipungui uchungu. Kinahamia mahali pengine. Kinatoka kwa mkwe na kwa jirani, kinaingia kwenye mambo ya watu wote: bajeti, mafunzo, vyumba vya upasuaji vilivyojengwa na visivyojengwa, nani alianza mapema na nani bado. Mama aliye kwenye msiba hapaswi kuubeba mzigo huo usiku ule. Lakini hasira ikikosa anwani sahihi, haikai barabarani. Huingia nyumba ya jirani. Na wanaofaidika na kimya chetu, ukitazama vizuri, si wafiwa. Ni sisi tunaovaa vitambulisho shingoni, ambao kwa neno "yote" hatuulizwi tena kitu.

*

Daktari alinisikiliza. Kesho yake saa moja kasoro asubuhi, kabla ya kukabidhiana zamu, aliwaita ndugu wote, na mume akiwemo. Alifanya jambo lililonifundisha zaidi ya hoja zangu zote.

Alianza na chanzo. Alisema dawa ya kifua kikuu imelidhuru ini, kwamba hutokea kwa wachache, na kwamba hakuna aliyekosea kwa kumkumbusha mgonjwa dawa aliyoandikiwa. Wakati anaendelea, simu ya mume ililia. Saa moja. Mwanamume yule alihangaika nayo, vidole vikawa havimtii. Mjomba, aliyekuwa hamsalimii tangu Jumanne, akaichukua mkononi mwake, akaizima, akamrudishia.

Kisha daktari akaitaja tiba. Akasema inapatikana India, gharama yake ni makumi ya maelfu ya dola, na kwa kawaida ndugu aliye hai mwenye kundi la damu linalooana ndiye hutoa kipande cha ini lake, nalo huota tena kwake na kwa mgonjwa. Akasema pia kile ambacho matangazo ya safari za matibabu hayakipi nafasi: mtoaji naye anapasuliwa tumbo, na kwa kipande kikubwa cha kulia makadirio yanayotajwa sana ni kwamba kati ya watoaji 200 hadi 500, mmoja hufa. Akaeleza pasipoti, viza, na ndege ya karibu saa sita na mgonjwa ambaye ubongo wake unavimba. Alipomaliza hakusema "amueni". Alisema: "Mkiniuliza mimi, naona hatafika. Nikidhani kuna njia, ningewaambia. Lakini uamuzi ni wenu na nitausaidia wowote utakaokuwa."

Kaka wa mgonjwa, fundi umeme aliyesafiri usiku kucha kwa basi kutoka Mwanza, hakusubiri mzee aseme. "Damu yetu ni moja. Natoa mimi."

Mjomba akaanza kuhesabu kwa vidole. Kiwanja cha Kibaha. Bodaboda mbili. SACCOS ya walimu. Jumuiya. Nikawa nafuatisha hesabu ile kimoyomoyo nikaona kwamba watu hawa wa kandambili walikuwa hawako mbali sana na kiasi kilichotajwa. Daktari naye aliona. Tulitazamana.

Katika vikao vya namna hii mama huwa wa mwisho kuulizwa, kama anaulizwa. Yule mama hakungoja.

"Nina watoto wawili," akasema. "Mmoja yuko pale ndani, na daktari ameshasema hafiki. Huyu wa pili mnataka nimlaze mezani pembeni yake. Sikubali."

Mwanawe akaanza kubishana. Akamkata.

"Nimekataa mimi. Mimi niliyewazaa. Asije mtu kesho akasema tulishindwa hela."

Mwalimu alifariki alfajiri ya Jumamosi. Mama yake alikuwa kando ya kitanda, kwenye kiti tulichokitoa chumba cha wauguzi.

*

Mtu anayepima maadili kwa matokeo ataniuliza: kulikuwa na faida gani? Tungenyamaza, angekufa Jumamosi. Tumesema, amekufa Jumamosi. Ndege haikuruka, kiwanja cha Kibaha hakikuuzwa. Kilichoongezeka ni asubuhi moja ya maumivu.

Jibu langu limo katika vitenzi viwili vya lugha yetu, kunyimwa na kukataa. Tungenyamaza, mama yule angekuwa amenyimwa bila kujua, na sisi tungekuwa tumemnyima kwa niaba ya dunia, kwa upole mwingi. Badala yake alikataa. Na sababu aliyokataa nayo haikuwa ile tuliyomwekea kichwani. Daktari alikuwa amemkinga na umaskini wake, kumbe mama alikuwa akipima maisha ya mtoto kwa maisha ya mtoto, hesabu ambayo hakuna mwingine kwenye korido ile aliyekuwa na haki ya kuipiga. Kama angefichwa asubuhi ile, hata sisi tusingejua kamwe kwamba ana neno la kusema. Tungemkumbuka kama mama maskini aliyemwachia Mungu.

Tofauti hiyo haionekani kwenye faili. Itaonekana arobaini, na miaka mingi baadaye, atakaposimulia jinsi mwanawe alivyokufa. Katika simulizi hiyo yeye yumo, ametenda jambo. Kaka naye anajua kwamba alijitoa, hata kama huenda siku nyingine anaamka na swali la kumuuliza mama yake. Mume anakumbuka mkono wa mjomba ulioizima kengele.

Sitaki lakini kuupamba ukweli kupita kiasi. Kuna pingamizi moja ninalolikubali: uchaguzi ule haukuwa huru. Mwanamke wa umri wake mjini London angeingizwa kwenye orodha bila mtu kumtaja kaka yake wala kiwanja chake. Kumwambia mama ukweli hakukumpa binti yake haki hiyo. Anayesema ukweli juu ya dhuluma hajaiondoa dhuluma, amekataa tu kuifunika. Na ipo hatari ya upande wa pili. Ukweli unaweza kugeuzwa karatasi ya kutia sahihi. Hospitali ikijifunza kwamba kusema kila kitu ni wajibu, inaweza kukisema kila kitu kwa dakika tatu, kwa istilahi ngumu, kisha ikaandika kwenye faili "ndugu wameelezwa" na kulala usingizi. Mtu akimwagiwa habari zote kisha akaambiwa achague peke yake, ametupwa vile vile, ila ametupwa na mizigo.

Ndiyo maana narudi kwa alichofanya daktari yule asubuhi ile, yeye aliyekuwa akinipinga usiku. Alisema maoni yake. Vitabu vingine vya maadili ya tiba vina woga na jambo hilo, vikihofia kwamba mtaalamu ataufunika uamuzi wa familia. Nimeona kinyume chake. Maoni yake ndiyo yaliyompa mama kitu cha kusimamia alipokuwa akimkatalia mwanawe. "Daktari ameshasema hafiki." Alichagua mwenyewe, lakini hakuchagua peke yake, na nadhani hayo ni mambo mawili yanayopaswa kwenda pamoja. Tiba isiyopatikana haina budi kutajwa, na anayeitaja hana budi kubaki.

Siku hizi nawaomba wenzangu waongeze neno moja kwenye sentensi yetu: tumefanya yote yanayowezekana hapa. Baadhi wanakubali. Wengine wananiambia kwamba neno hilo ni la hatari, na hawakosei. Ukisema "hapa", mtu atainua kichwa aulize, "Na kwingine?" Kumjibu huchukua nusu saa, na usiku tuko wauguzi wawili kwa vitanda sita. Sentensi ya zamani inachukua sekunde nne na haidai chochote baada yake. Nimeanza kushuku kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokiita huruma ya kuficha ni uhaba wa muda na wa mahali pa kukaa.

Hapa ni neno dogo, lakini likishatoka kinywani huwezi kuondoka na ndoo yako. Kwa hiyo kabla ya kulisema, huanza kwa kutafuta viti.